Bi Zafarani Alikataa Jukwaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kiembe Samaki na andalio la somo, karatasi inayoeleza utafundisha nini na kwa dakika ngapi. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Nilipangiwa kumsaidia Bi Zafarani katika kisomo cha watu wazima.

"Shikamoo, Bi Zafarani."

"Marahaba, mwanangu. Iweke karatasi hiyo. Kwanza waulize majina yao."

Chuoni tulifundishwa kuanza na silabi: ba, be, bi. Yeye alianza na jina la mwanafunzi mwenyewe. Mtu akishaliandika, alisema, kesho anarudi. Na walirudi kweli, wakulima wa mihogo na wapagazi wa bandarini.

Bi Zafarani alizaliwa utumwani, katika shamba la mikarafuu. Utumwa ulipokwisha mama yake alimleta mjini, wakawa wanafua nguo za watu. Binti wa nyumba moja Shangani ndiye aliyemfundisha herufi. Tangu hapo akawasomesha wanawake barazani kwake, kabla mimi sijazaliwa. Cheti hakuwa nacho.

Mwaka wangu wa tatu Mkaguzi, afisa anayepima ufundishaji, aliniita mjini.

"Wageni wanakuja. Bibi yule apande jukwaani, aeleze alivyokuwa mtumwa."

"Naam, Bwana Mkaguzi."

Nilimpelekea habari hiyo kwa furaha, nikidhani ni heshima. Bi Zafarani alifuta ubao wote kwanza.

"Utumwa sikuufanya mimi, mwanangu, nilizaliwa tu. Nlichofanya ni kusomesha. Wakitaka kuniona, waje darasani saa kumi. Jukwaani sendi."

Nilipompelekea jibu hilo, Mkaguzi alipandwa na hasira. "Hana cheti, na bado anachagua! Nitalifunga darasa hilo."

"Basi na mimi niandikie uhamisho," nilisema.

Siku ya wageni, saa kumi, gari ikasimama nje. Bi Zafarani hakukatiza somo. Aliwaonyesha jamvi, wakakaa, Mkaguzi pia. Mpagazi mmoja alikuwa akisoma barua aliyomwandikia dada yake wa Paje, barua yake ya kwanza maishani. Akakwama kwenye neno. Mkaguzi akafungua kinywa amsaidie.

"Mwache," alisema Bi Zafarani. "Atafika."

Tulingoja. Akafika.

Darasa halikufungwa. Alisomesha mpaka macho yalipomwishia, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaniachia chaki. Baadaye nilihamishiwa Mbweni, kisha Paje, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu.

Siku hizi najilaumu kwa jambo moja. Nilimuuliza mara nyingi habari za utumwa, naye alinijibu kwa upole. Sikumuuliza hata mara moja nani alimfundisha kufundisha.