Wivu wangu kwa maziwa ya Mama Salome, na bakteria niliodhani wamekufa kwenye friji

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana wa shikamoo, marahaba.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Tabora, na sitaruka hata panaponiaibisha. Mimi ni mzee wa kanisa, namshukuru Mungu kwa kila asubuhi.

Kila sikukuu ya mavuno tunakunywa chai ya maziwa baada ya ibada. Maziwa huletwa na jirani yangu Mama Salome, mjane mwenye ng'ombe watatu. Kila mwaka anasifiwa, nami napiga makofi huku roho ikiniuma.

Kwa nini yeye? Mzee wa kanisa ni mimi. Ila nina ng'ombe mmoja tu.

Mwaka huu nikamwambia mchungaji, "Maziwa yote nitaleta mimi."

Nikakamua siku sita, nikayaweka mabichi kwenye friji. Madumu niliyajaza hadi shingoni, nikayafunga kwa nguvu. Nilijiambia, kiumbe asiye na hewa, tena kwenye baridi, ataishije?

Wakuu, anaishi.

Siku ya mavuno akina mama wakayabandika jikoni. Yalipopata moto yakakatika mabonge mabonge, machungu kama mwarobaini.

"Baba Elia, hii chai au dawa ya minyoo?" mmoja akauliza. Wakacheka. Ibada inakaribia kwisha, chai hakuna.

Mama Salome akatoka kimya kimya, akarudi na ndoo mbili alizokamua asubuhi hiyo. Akaninong'oneza, "Sema ni yako. Mimi sina neno."

Hapo wivu ukapanda kabisa. Hata kwa wema amenishinda!

Mchungaji akanishukuru mbele ya watu. Makofi niliyoyatamani miaka yote yakaja, nikashindwa kuyabeba. Nikasimama.

"Yangu yameharibika. Haya ni ya Mama Salome."

Mama Salome akaniita: "Baba Elia, keti, chai inapoa."

Jioni nikampigia binti yangu, mwalimu wa baiolojia Nzega. Akasema baridi haiui bakteria wote. Utando unaowafunika una mafuta, na kwenye baridi huelekea kuganda kama samli, na ukiganda hawakui. Wapo wanaotumia oksijeni kuyabadili mafuta waliyonayo, yabaki laini kama ya alizeti. Oksijeni ikikosekana, wapo wanaotengeneza mafuta ya aina nyingine tangu mwanzo, yasiyoganda upesi. Wanakwenda polepole, lakini wanakwenda, wakiyala maziwa hadi yanakuwa machungu na kukatika.

"Na wewe baba umewapa siku sita!"

Nilichojifunza: maziwa mabichi yachemsheni mapema, msitegemee friji wala kifuniko.

Na wivu? Sitadanganya, bado ninao. Leo asubuhi nimemwona anakamua, nikachungulia ndoo zake. Kisha nikamwombea azidishiwe, na neno hilo halikutoka kirahisi.

Mliowahi kumwonea wivu mtu mwema, mlifanyaje? Niandikieni hapa chini, nasoma yote.