Jipu la Bibi Harusi

Wiki ya harusi yangu nililia sana, na hakuna aliyenihurumia. Bibi harusi wa Lamu kulia ni ada. Nilikuwa nimewekwa ndani, napakwa liwa na kufukizwa udi, na kila nilipofuta machozi mama alifurahi kimoyomoyo kwamba amelea binti mwenye haya. Jirani wakanong'ona, "Maskini, aona uchungu kumwata mamake." Mimi nililia kwapa.

Lilianza kama kipele, baada ya somo, yule mwanamke anayemfunda na kumtunza bibi harusi, kuning'oa nywele za mwilini kwa nta ya sukari na ndimu. Kipele kikawa uvimbe, uvimbe ukawa moto, ukapwita. Nikanyamaza. Niliogopa harusi itaahirishwa, nami nilimtaka yule bwana kwa hamu ambayo bibi harusi hatakiwi kuionyesha. Nikawa najifungia chooni nakamua mwenyewe. Ukazidi.

Somo akarudi na nta yake.

"Inua mkono."

Nikainua nusu.

"Inua, mwanangu, usinifanyie haya za urongo."

Akauinua yeye. Nilipiga ukelele hata mama akaja mbio. Somo akachungulia kwapani.

"Subhanallah! Hili ni ipu! Siku zote hizi mwana alia, nasi twafurahi?"

Nikavishwa buibui, nikapitishwa vichochoro vya nyuma hadi zahanati, naomba tusikutane na mtu wa upande wa bwana harusi.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, ulimi mkali. Alinieleza kwamba nywele ziling'olewa zikaacha vitundu, vijidudu vilivyo juu ya ngozi vikaingia, mwili ukapigana navyo, na usaha ndio mabaki ya vita hivyo. Kukamua kwangu kulivisukuma ndani zaidi.

"Vidonge pekee havitoshi," alisema. "Huu usaha lazima utoke."

"Na harusi?"

Akacheka. "Harusi endeleeni. Nta ndiyo muiache."

Sindano ya ganzi iliuma, nisidanganye. Kisha akapasua. Harufu yake sitaisimulia, lakini raha niliyoipata! Ule moto wote ukanitoka, nikahisi mkono umerudi kuwa wangu. Akasafisha, akatia shashi ndani ili kidonda kisijifunge juu kabla ya kupona chini. Mama alinirudisha pale kila siku kubadilishwa shashi.

Siku ya kuonyeshwa kwa wanawake niliketi nimepambwa, bandeji imefichwa chini ya nguo, na sikuweza kujizuia: nilikenua meno yote. Somo alitaka ardhi immeze.

"Lia japo kidogo," akaninong'oneza. "Watu watasema."

Nilijaribu. Wapi! Nilikuwa mzima, na naolewa.

Kisha mama akaja kuniaga, maana kesho yake nilikuwa nahamia Mombasa na mume wangu. Akanikumbatia kwa mkono mmoja tu, kwa uangalifu, asiniguse upande ule. Hapo machozi yakanibubujika. Wanawake wakapiga vigelegele, hatimaye bibi harusi kalia. Mama hakupiga. Aliniinamia sikioni.

"Ni kwapa?"

"La, mama," nikamwambia. "Mara hii ni wewe."