Pointi za Upanga

Fundi wa Darajani alipofungua mgongo wa televisheni yangu, ilinijia harufu ya vumbi lililoungua, na hapo hapo nikawa mtoto tena, nimekaa mkekani mbele ya televisheni, nyumbani kwa ami yangu.

Ami alimletea bintiye gemu kutoka Dubai. Binti ndiye aliyecheza, mimi nilitazama. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo tulifuata picha: upanga ni nguvu, moyo ni dawa ya kujitibu. Kila mara askari wake alipopanda daraja alipewa pointi za kugawa, naye hakuzigawa. Aliziweka wiki nzima, azitie zote kwenye upanga siku ya kupigana na joka.

Siku hiyo ikafika, na mama yake akamwita jikoni.

"Naam!" akaitika, akanipa pedi ya gemu. "Nshikie. Usiguse kitu."

Pedi ilikuwa bado ina joto la mikono yake. Kijicho kikanipanda mpaka kooni. Nikazimimina pointi zote kwenye moyo, upanga sikuuachia hata moja.

Aliporudi aliona, akaguna, akaingia vitani hivyo hivyo. Joka likampiga askari, askari akajitibu. Likampiga tena, akajitibu tena, huku akilidonoa kwa ule upanga wake butu, mpaka likaanguka.

Akanikumbatia. "Kumbe una akili hivi! Mimi ningekuwa nshakufa."

Nilirudi nyumbani nalia. Hata kijicho changu kilimfaa yeye.