Ufunguo wa Gari la Baba

Fundi wa funguo hakuja na mashine, alikuja na mkoba wa tupa. Gari lilikuwa la zamani, na ufunguo wake ulipotea siku za msiba wa mwenye gari, kwa hiyo binti wa marehemu alimwita fundi nyumbani. Sasa alisimama kando akimtazama. Vidole vya fundi vilikuwa vinene, kucha zimeingia rangi ya shaba isiyotoka kwa sabuni. Aliingiza kwenye kitasa ufunguo usiokatwa bado, akautikisa, akauchomoa, akauinua juani kutafuta alama zilizoachwa na kitasa, kisha akaupiga tupa mara mbili tatu na kupuliza vumbi. "Haya mzee, nipe siri yako," alikibembeleza kitasa, akaanza tena. Saa nzima ikapita hivyo. Binti akakumbuka jinsi baba yake alivyozoea kumfungulia yeye mlango kwanza, hata mvua ikinyesha.

Kitasa kikalia ta! Mlango ukafunguka, na harufu ya baba ikatoka yote kwa pamoja, ya tumbaku na peremende. Koti lake lilikuwa bado mgongoni mwa kiti. Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Fundi akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akageuka, akauinamia mkoba wake na kuanza kupanga tupa zilizokwisha kupangwa.

"Hatujaribu kuliwasha?" binti akauliza.

"Kuwasha hakukimbii, mwanangu," akajibu bila kugeuka. "Wewe kaa kwanza. Mimi bado nina kazi hapa."