Kwenye Simu Sote Hatuna Pua

Shangazi yangu hununua vinywaji mtandaoni kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Haandiki, huzungumza. Huisogeza simu karibu na mdomo kama mtu anayepuliza chai ya moto, hubonyeza kitufe cha sauti, hutoa salamu kamili, huuliza hali ya wazazi wa muuzaji, kisha ndipo huitaja haja yake: "Sasa mwanangu, nifanyie hisani. Ishike chupa, igeuze juu chini, uhesabu mpaka kumi bila ya haraka, halafu uirudishe kama ilivyokuwa. Yote hayo nnataka kuyaona kwenye video." Wako wauzaji wanaocheka. Wako wanaomfungia ili wasipate tena ujumbe wake. Na wako wachache wanaoigeuza chupa, na hao ndio wauzaji wake mpaka leo.

Nataka kueleza alivyofikia hapo, kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu katika habari hii mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu na yeye ndiye aliyefundisha.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Anaishi Mkunazini, ghorofa ya pili, na tangu sijazaliwa yeye ndiye mpikaji wa sharubati ya lozi katika harusi za ukoo wetu. Asiyeijua sharubati hiyo hudhani ni maziwa yaliyotiwa sukari. Lozi hurowekwa, humenywa moja moja, husagwa mpaka ziwe laini kama malai. Maziwa huchemshwa kwa moto mdogo na iliki. Zafarani huloweshwa kando, isikutane na moto. Maji ya waridi hutiwa mwisho, sufuria ikishapoa, na hapo ndipo ilipokuwa kazi ya pua yake. Aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akaongeza kijiko, akainama tena, mpaka aseme, "Ewaa, imekaa." Hakuwa na kipimo kingine, wala hatukuwahi kumwomba kingine.

Mwaka juzi alipata homa kali iliyomlaza wiki tatu. Homa iliondoka, na uwezo wa kunusa ukaondoka nayo. Mimi niligundua kwa bahati. Nilipanda ngazi zake asubuhi moja nikakutana na harufu ya maziwa yaliyoungua tangu ghorofa ya kwanza, na nilipoingia jikoni nikamkuta amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, anamenya vitunguu, ametulia kabisa. "Shangazi, maziwa!" Alilitazama jiko, kisha akanitazama mimi, na nikaona amejua kwamba nimejua. "Usimwambie mtu," alisema. Daktari alituambia pua huenda ikarudi na huenda isirudi. Haikurudi.

Kwa hiyo binti yangu alipoposwa, niliogopa kuuliza nani atapika sharubati. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenitangulia. "Hii ya mjukuu wangu ntaipika," alisema. "Ikitoka sawa, ntaendelea. Ikiharibika, nshaweka mwiko chini, na asije mtu kunibembeleza." Alisema kwa sauti ya kawaida, huku akikunja nguo. Lakini namfahamu: katika nyumba zetu anayepika sharubati huitwa wa kwanza na huondoka wa mwisho, na mwanamke aliyeishi bila ya watoto wake mwenyewe amepata kupitia sufuria ile nafasi katika kila harusi ya wana wa wenziwe. Mwiko ukiwekwa chini, kitakachobaki ni kualikwa tu.

Duka la Darajani alilokuwa akinunulia maji ya waridi kwa miaka mingi lilikuwa limefungwa. Mwenyewe amefariki, na wanawe wanauza vinyago kwa watalii. Nikamwambia shangazi asihangaike, nitaagiza mtandaoni. Nikafungua ukurasa mmoja uliojaa picha za kupendeza: chupa yenye kifuniko cha dhahabu, pembeni yake waridi jekundu lenye matone ya umande. Nakiri kwamba nilichonunua siku ile ni picha. Nililipa kabla ya kuuliza swali hata moja. Kesho yake chupa ikanifika nyumbani Mpendae. Nikaifungua, nikanusa, nikajiona nimo bustanini. Jioni nikaipeleka Mkunazini kwa fahari.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ndiyo hiyo? Hebu nisomee."

"Maji safi ya waridi," nikasoma. "Asili tupu."

"Hayo ya mbele. Nisomee nyuma."

Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kama chawa wa kuku. Ilinibidi niyapige picha kwa simu na kuyakuza. Kisha nikanyamaza.

"Mbona kimya? Umesahau kusoma?"

"Kwa ngozi na nywele," nikasema polepole. "Matumizi ya nje tu. Isinywewe."

Mgeni asiyetujua asingelikosea kosa lile. Yeye angeuliza kwanza maji haya ni ya kufanyia nini. Mimi sikuuliza kwa sababu nimekulia katika nyumba ambayo chupa moja ilijaza mrashi wa kuwanyunyizia wageni, na kilichobaki kikaingia katika sufuria ya sharubati. Haikunipitia akilini kwamba siku hizi waridi la kunyunyizwa na waridi la kunywewa ni bidhaa mbili, na kwamba mojawapo ina dawa za kuhifadhia vipodozi ambazo hazikukusudiwa kufika tumboni.

Shangazi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. "Huko chuo kikuu mlikuwa mkisomeshwa mbele tu? Nyuma mkawaachia nani?"

"Shangazi, inanukia vizuri sana."

"Inanukia kwako. Mimi hainifai kitu kunukia, ndiyo maana nimetaka kusomewa." Akaichukua chupa, akaizungusha mkononi. "Na wewe ulipoinunua, uliinusa?"

"Hapana. Niliona picha."

"Basi kwenye simu sote hatuna pua. Mimi na wewe tumepitana hapa tu: mimi nshajua kuwa sina."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko mihadhara mingi niliyolipiwa ada. Mwaka mzima nilikuwa nikimhurumia kwa alichopoteza, wala sikuona kwamba amekuwa akijifunza. Mtu asiyeweza kunusa huuliza. Huuliza kimetengenezwa kwa nini, kimewekwa wapi, juani au kivulini, kimefunguliwa lini. Jikoni mwake alikuwa ameanza kuishi kwa maswali, na soko la mtandaoni, ambalo mimi nililiingia na macho yangu mawili yaliyodanganyika, lilimkuta amejiandaa.

Wiki ile nilikwenda kwake kila siku baada ya sala ya Alasiri. Mimi nilifungua kurasa na kusoma, yeye aliamua. Tulianza na vinywaji vya wageni. Nilipendekeza maboksi ya juisi ya embe kwa kuwa bei yake ilikuwa nzuri.

"Soma hasa walivyoandika."

"Kinywaji chenye ladha ya embe."

"Ladha ya embe. Na embe lenyewe?"

Nikasoma viambato: maji, sukari, tindikali, rangi, ladha.

"Embe halikualikwa," akasema. "Endelea."

Juisi ya bungo tuliipata kwa mama mmoja wa Fumba anayekamua nyumbani na kugandisha, baada ya kueleza bungo zake hutoka wapi na maji yake huyachemsha vipi. Ukwaju shangazi alikataa kabisa kuununua ukiwa tayari. Alisema ukwaju uliokwisha kutiwa sukari ni vigumu kujua umri wake. Halafu palikuwa na muuzaji wa kinywaji cha zabibu chenye mapovu, katika chupa ndefu nyeusi kama zile za kwenye meza za mahoteli. Alituhakikishia kwamba hakina kilevi hata kidogo, sifuri kabisa. "Nakuamini, mwanangu," shangazi akamwambia kwa upole. "Nipigie picha tu hapo sifuri ilipoandikwa." Picha haikuja, na sisi hatukukumbusha.

Maji ya waridi ndiyo yaliyotuchukua siku nyingi. Hatimaye tukampata mwanamke wa Mbweni anayeuza arki za maua na viungo vya mapishi kutoka nyumbani kwake. Huyu aliigeuza chupa. Maji yakashuka safi bila ya kuacha utando wala mashapo. Alipiga picha ya nyuma kabla ya kuombwa: maua ya waridi na maji, kwa chakula na vinywaji. Alisema ni mzigo mpya. Shangazi akauliza mpya wa lini, ukakaa wapi, kizibo chake kikoje. Mwishowe yule mwanamke akatuma sauti, na ndani yake tukasikia tabasamu la mtu aliyechoka kidogo: "Bibi yangu, maswali yote haya ya nini? Ntakuletea mpaka mlangoni, utainusa mwenyewe. Ukiipenda utaichukua."

Shangazi akaiweka simu mapajani. Nilijua anachokitazama: mwaka mzima wa siri, alioulinda mbele ya ndugu na majirani.

"Mwambie ntainusa mimi," nikamwambia.

Akainua mkono kuninyamazisha. Akaichukua simu, akabonyeza. "Mwanangu, mimi sinusi. Pua yangu ilikwenda na homa. Nnapika sharubati ya ndoa ya mjukuu wangu, na maswali yangu ndiyo pua niliyobakiwa nayo. Basi nivumilie."

Jibu lilichelewa. Nilikwisha kuanza kuosha vikombe lilipoingia. "Bibi, nisamehe. Ile niliyokuonyesha ni ya mwaka jana. Haikuharibika, lakini imefifia. Nilijua ukiinusa utaligundua hilo na tutapatana bei, ndivyo biashara ilivyo. Lakini kumuuzia asiyenusa, hiyo itakuwa dhulma. Mzigo mpya kweli unafika Jumatano. Nisubiri."

"Ntakusubiri," shangazi akajibu. Kisha akanigeukia. "Umeona? Kumbe na yeye alikuwa anaitegemea pua yangu."

Jumatano yule mwanamke alikuja mwenyewe na kupanda ngazi zote. Alilipwa baada ya kizibo kukaguliwa, na akakataa kuondoka mpaka aone itakavyotumika. Shangazi alipanga vikombe vinne vya maziwa baridi, akatia waridi kwa vipimo vinne tofauti vya kijiko, akanisogezea.

"Nikwambie kipi kizuri?" nikauliza.

"Usiniambie kitu. Wewe kunywa, mimi nikutazame uso."

Nikanywa vyote kwa zamu. Alipomaliza kunitazama akagusa kikombe cha tatu. "Hiki. Hapa ulifumba macho." Sikujua kama niliyafumba. Akaniandikisha kipimo kile, kijiko kwa kikombe, tukakikuza mpaka kikatosha sufuria kubwa.

Ijumaa, ndoa ilipokwisha kufungwa msikitini, wanawake walijaa sebuleni kwangu Mpendae, na sharubati ikapita katika mabilauri. Shangazi alikaa karibu na mlango wa jikoni, mgongo wima. Pembeni yake alikaa rafiki na mtani wake tangu utotoni, jirani wa Mkunazini, mwanamke ambaye hajawahi kula katika harusi yoyote bila ya kugundua kilichopungua. Mimi nilisimama na jagi.

"Haya, Bi Mkubwa," mtani akaanza, bilauri ikiwa bado imejaa. "Duka la Darajani limefungwa. Waridi umelipata wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwenye simu!" Wanawake wa karibu wakageuka. "Ukalinusaje huko kwenye simu?"

"Sikulinusa. Mimi sinusi kitu tangu ile homa yangu. Hapa nilipo sinusi hata udi uliojifukiza, na kwa walivyokaa mbali nawe watu, naona umezidisha."

Kicheko kikapasuka, kisha kikakatika ghafla, kwa kuwa maneno ya kwanza yalikuwa sasa yamewafika. Shangazi hakuyarudia wala hakuyapunguza. Akaielekezea kidole bilauri ya mwenziwe. "Kunywa. Uniambie imekosa nini."

Mtani akamtazama kwa muda mrefu, na utani wote ukamtoka usoni. Akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio, na sebule nzima ikasubiri hukumu. Akaninyooshea bilauri tupu.

"Nitilie tena," akasema. "Bado natafuta."

Nikamtilia. Akanywa nusu, akaishusha, akamwinamia shangazi, lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona, kwa sababu yeye hajui kunong'ona. "Mjukuu wangu anaolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita. Utatupikia?"

Shangazi alijitengeneza mtandio kwanza.

"Lozi nunua wewe," akasema. "Waridi niachie mimi."