Baba mkwe hana meno, nikampikia nyama kwenye mfuko wa plastiki

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyasubi, Kahama. Hili limetokea nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi, labda kwenye nyama tu.

Mimi ni mpishi. Nimewahi kupika kwenye kambi moja ya mgodini huko Geita, ndiko nilikojifunza sous vide.

Nyama unaiweka kwenye mfuko maalum wa chakula, mashine inafyonza hewa yote, unaizamisha kwenye maji ya moto yasiyochemka. Unaiacha humo hata siku nzima. Inalainika mpaka unashangaa.

Sasa baba mkwe akaja kututembelea kutoka Kharumwa. Mfugaji kabisa, ila meno yamekwisha.

Mke wangu akaninong'oneza kwamba siku hizi nyama ikiletwa, mzee anasema ameshiba, anatoka nje.

Iliniuma. Msukuma na zizi lake, halafu anaishia kwenye mchuzi!

Nikanunua nyama ya paja, nikaitia kitunguu saumu, nikafunga, nikaizamisha alfajiri. Mzee akachungulia jikoni.

"Mkwe, hiyo nyama unaipika au unaiogesha?"

"Naipika, baba."

Akaondoka anatikisa kichwa. Nikamsikia anamuuliza binti yake, "Mama Kulwa, mumeo mzima kweli?"

Mchana umeme ukakatika, kifaa cha kupasha maji kikazima.

Maji yakipoa, nyama inaharibika na tumbo la mzee linapata tabu. Nikawasha jiko la mkaa, nikakaa na kipimajoto mkononi, naongeza maji ya moto kikombe kwa kikombe. Jasho hilo!

"Si uichemshe tu, Baba Kulwa?" mke wangu akauliza.

Nikagoma.

Jioni nikaipitisha kwenye kikaango cha moto mkali ipate rangi, nikaikata vipande vyembamba. Kuiona tu, mzee akaanza kuinuka.

"Baba, onja kimoja. Kikikushinda nakula mimi."

Akaweka mdomoni. Akafumba macho.

Kisha akaivuta sahani yote upande wake.

"Wabeja, asante sana mkwe. Ugali uko wapi?"

Mama Kulwa akaenda kuuleta. Alichelewa, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Nilichojifunza: wazee wetu wanaficha njaa kwa sababu ya aibu. Usingoje mzee aombe, mtafutie njia.

Wenye wazazi wasiotafuna, nyie mnawapikia nini? Na anayetaka kukosoa upishi wangu aje tu, ila aje na nyama yake.