Mkwe Nyuma ya Injini

Kila asubuhi, kabla hajatia chochote kinywani, Maige husimama uani nyuma ya chumba cha mkwewe, akaligeuzia dirisha mgongo, akasema na mkewe aliye hatua tatu tu kutoka hapo.

"Mama Shimba, mwambie mama shikamoo."

Kija hulisogelea dirisha akairudia salamu ile, kana kwamba mama yake ni kiziwi. Kutoka kitandani bibi Modesta hujibu, "Mwambie marahaba, namshukuru Mungu." Kija humgeukia mumewe: "Marahaba, anamshukuru Mungu." Ndipo Maige huvaa kizibao chake cha njano, akateremka kwenye mawe ya Kirumba kwenda kazini uwanja wa ndege.

Mkwe na mkwewe hawatazamani. Ndivyo wote wawili walivyolelewa huko Magu. Majirani huwacheka, maana siku hizi watu hukaa sebule moja na wakwe zao wakitazama mpira. Lakini Maige ni mtu wa kushika alichofundishwa, na Kija alimpendea hilo.

Ndege inapotaka kuondoka, Maige husimama chini ya pua yake, hedifoni masikioni, waya ukipanda hadi kwa rubani. Rubani haoni tumbo la ndege yake wala nyuma ya mabawa. Humwuliza Maige kama kuko salama kuwasha. Maige hutazama kulia, kushoto na nyuma ya kila injini, ndipo hujibu. Akisema salama, injini huwaka, na hakuna wa kumuuliza mara ya pili.

"Rubani ni kipofu mwenye mabawa," alipenda kujigamba nyumbani. "Macho yake ni mimi."

Miaka mitatu iliyopita, baada ya baba yake kufariki, Kija ndiye aliyemng'ang'ania mumewe amtafutie mama kazi ya kusafisha ndege.

"Mimi na mkwe uwanja mmoja? Tutapishana wapi?"

"Uwanja wa kutua ndege, baba Shimba, ukose njia ya kupishana na kibibi mmoja?"

Maige akacheka, akamtafutia. Kwa miezi saba wakapishana vizuri. Bibi akiona kizibao cha mkwewe, alizunguka mbali. Maige akiliona dekio la mkwewe, aligeuka akatazama ziwa lililo kando ya uwanja, akahesabu moyoni mpaka ishirini, akijua kwamba kufikia hapo mama atakuwa ameshapita. Muganyizi, Mhaya aliyelinda bawa akiwa na mtungi wa kuzimia moto, aliijua hesabu hiyo, akawaita jua na mwezi.

Siku ya ajali ilikuwa saa nne asubuhi, ndege ya Dar es Salaam. Bibi alikuwa ameshashuka na wenzake alipokumbuka kuwa ameacha ndoo chini, karibu na mkia. Akarudi peke yake. Alipokwisha kuichukua, njia fupi ya kutoka ilipita mbele ya pua, mahali aliposimama mkwewe. Akaona haya, akazunguka nyuma ya injini. Chini ya tumbo la ndege taa nyekundu, ishara kwamba injini zinawashwa, ilikuwa imeanza kumulika. Maige akasema salama. Injini iliposhika kasi, upepo wa moto ukamzoa bibi na ndoo yake ukambwaga kwenye lami. Muganyizi akapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya kuzima, Maige akapiga kelele kwenye hedifoni, "Zima! Zima!" Rubani akazima. Nyonga ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Kamati ya kuchunguza ajali ikakaa. Ikaandika kwamba mwenye hedifoni alitazama pande zote na hakuona mtu, na kwamba msafishaji aliingia eneo la hatari bila idhini. Maige akatia sahihi. Bibi Modesta akatia dole gumba. Waliomwajiri wakamwandikia barua ya mistari mitatu ya kumwachisha kazi, wakanawa mikono, wala hospitali hawakukanyaga. Mwaka uliofuata Maige akapewa cheti cha mfanyakazi makini. Kiko sebuleni, kwenye fremu.

"Kosa ni langu, mwanangu," bibi humwambia Kija kila anapomgeuza kitandani. "Lakini ningempitaje mumeo usoni?"

Kija amelisikia hilo miaka miwili na zaidi, akaliamini. Mara nyingine, akiwa amechoka kufua mashuka, amemfokea mama yake: kwa nini hukutazama taa?

Jumamosi iliyopita Muganyizi alikuja kuaga, amehamishiwa Bukoba. Maige alikuwa ametoka kwenda kununua soda.

"Shemeji, nyinyi Wasukuma mtauana kwa adabu," Muganyizi alisema akicheka. "Siku ile mimi namwona mama anazunguka, napunga mikono. Mumeo nikamkuta amesimama kama nguzo, uso ziwani, mgongo kwa mama. Nikajua, huyu ameshamwona mkwe, yuko kwenye ishirini zake. Mara nasikia injini."

Kija aliacha kumenya ndizi.

"Kwenye kamati ulisema hivyo?"

"Nani aniulize? Niliulizwa kama mtungi ulikuwa umejaa. Nikasema umejaa." Kisha akauona uso wa Kija, kicheko kikamkauka. "Shemeji, mimi nilidhani unajua."

Maige aliporudi na soda, mgeni alikunywa yake wima, akasema ana mizigo ya kufunga, akaondoka.

Kija alikuwa na mengi ya kuuliza: ile sahihi, kile cheti, na asubuhi zote za mama yake kujilaumu huku mumewe yuko nje anasikia. Hakuuliza hayo. Aliuliza moja tu, na sauti hakuipunguza, mama naye asikie.

"Baba Shimba, ulimwona mama?"

Maige aliweka chupa mezani.

"Nilimwona," akasema. "Nikadhani ameshapita."